Barafu ya Mbwa Yazua Kicheko Matiliku

Msomaji, ukishuka kwenye gari hapa Matiliku saa nane za mchana katika mwezi wa Septemba, kitu cha kwanza utakachokitafuta ni kivuli. Na kivuli hicho ukikipata, utakuta mbwa amekwisha kukitwaa kabla yako. Yumo chini ya mkokoteni, yumo chini ya benchi la fundi wa viatu, amelala ubavu na ulimi umegusa mchanga, wala hasogei hata ukimkanyaga mkia. Watu humruka tu wakaenda zao.

Mimi ni mzaliwa wa huku, karibu na mlima wa Nzaui, ule ambao wazee wetu husimulia kwamba Mulungu aliwashusha mume na mke wa kwanza juu ya jiwe lake, na nyayo zao zikabaki hapo. Mbwa nimewaona tangu utoto, lakini kwa jicho la mpita njia. Ilinibidi nimpoteze mmoja, tena kwa aibu, ndipo nikaanza kuwatazama. Huo ndio mwanzo wa jina nililopewa hapa sokoni, "Yule wa Barafu ya Mbwa".

Mbwa wangu wa kwanza aliitwa Simba. Alikuwa mlinzi wa mbuzi wa mama na adui mkubwa wa tumbili waliokuja kuiba mahindi na maembe. Zamani mbwa wa Mkamba alikuwa mwindaji, akifuatana vichakani na bwana wake mwenye upinde na mishale ya sumu. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, mbwa akabaki na kazi ya ulinzi. Na mlinzi, kwa mawazo ya wengi wetu, sharti afungwe mchana ili awe mkali usiku. Basi Simba nilikuwa nikimfunga mnyororo kando ya ghala la mabati. Asubuhi palikuwa na kivuli kizuri. Mchana hapakuwa na kivuli kabisa, lakini mimi mchana nilikuwa kazini.

Siku moja katika mwezi wa Februari mwaka 2016 alipindua kopo lake la maji, na jua likamkuta hapo. Alijinasua, akatoka barabarani akipepesuka kama mlevi, mate mazito yakimdondoka, hasikii anapoitwa. Ilikuwa saa ya watoto kutoka shule. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Ana kichaa!" Msomaji anajua neno hilo linavyofanya kazi Ukambani. Kabla sijafika, vijana walikuwa wamekwisha kummaliza kwa mawe.

Sikuwalaumu, na siwalaumu leo. Katika vurumai ile mtoto wa jirani alikwaruzwa mguu, na baba yake akanijia jioni na swali moja tu: "Huyu mbwa alichanjwa lini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuwahi kuchanjwa. Moyoni nilijua ni joto lililomwangusha, kwani nilikuwa nimeushika ule mnyororo nao ukaniunguza vidole. Lakini kujua kwangu bila cheti kulikuwa bure. Mtoto akadungwa sindano, moja baada ya nyingine kwa majuma kadhaa, na gharama nikalipa mimi, jambo ambalo lilikuwa haki. Jirani alilipokea hilo, ila salamu akaacha kunipa. Mama naye akasema, "Mbwa amekufa, deni amekuachia wewe."

JOTO NA KICHAA

Tangu hapo nikawa mtu wa kuuliza maswali. Afisa mmoja wa mifugo alinieleza, kwa uvumilivu mkubwa, kwamba mbwa hatoki jasho kama sisi. Jasho lake ni kidogo sana, tena liko nyayoni. Kipepeo chake ni ulimi: anapotweta, hewa hupita juu ya ulimi na ndani ya pua penye unyevu, maji yakageuka mvuke na kuondoka na joto. Kwa hiyo kila pumzi ya mbwa anayetweta ni maji yanayotumika. Akikosa maji huwa kama lori ambalo redieta yake imekauka katikati ya mlima.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kiasi cha digrii 38 na nusu, hata 39, yaani juu kidogo ya letu. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Ndipo hupepesuka, hutapika, hutokwa mate yanayonata, huanguka na kugagaa. Sasa mtazame mbwa huyo kwa mbali, kisha mtazame yule aliyeshikwa na kichaa cha kweli, uniambie ni nani kati yetu awezaye kuwatofautisha.

Wapo wanaosema, "Msogezeeni maji, akinywa, hana kichaa." Maneno hayo yakomeshwe. Mbwa mwenye kichaa huweza kuyafuata maji na hata kuyanywa. Kule kuogopa maji ni dalili ya mwanadamu aliyekwisha kuambukizwa. Mbwa usiyemjua aliye katika hali hiyo usimkaribie, na mtu aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu dalili zake zikishatokea kwa mtu, huwa hauna tena dawa.

Kuchanganya joto na kichaa si jambo la Matiliku peke yake. Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa na nyota waliyoiita ya Mbwa, ile ing'aayo kuliko nyota zote za usiku, na waliamini kwamba inapochomoza pamoja na jua katika miezi yao ya joto kali, mbwa hurukwa na akili. Hawakujua habari za virusi. Sisi tunazijua, lakini mawe tunaokota yale yale.

SUPU NDANI YA FRIZA

Mbwa wangu wa sasa anaitwa Popi, na Popi hafungwi mchana. Mchana yeye hushuka hadi kwenye mto wetu wa mchanga, ule ambao kwa miezi mingi una maji chini na si juu, akachimba kwa miguu ya mbele mpaka afikie mchanga wenye unyevu, akalala humo tumbo chini. Hakufundishwa na mtu. Mimi ndiye niliyefundishwa.

Habari ya barafu ilianza kwa bahati. Mtoto aliyekuwa akinyonya barafu ya rangi nyekundu mbele ya duka aliiangusha, akaanza kulia, na Popi akaiwahi. Aliishika kwa miguu miwili akailamba taratibu hadi ikaisha, halafu akaenda kulala kivulini bila kutweta. Mtoto nikamnunulia nyingine. Njiani kwenda nyumbani nikawa nafikiri: ile ilikuwa sukari na rangi, vitu visivyomfaa mbwa, je, ikiwa ni supu?

Naeleza nifanyavyo, maana wanaonicheka mchana huja kuniuliza jioni. Nanunua buchari mifupa ile wasiyoitaka watu, naichemsha kwa saa mbili tatu bila chumvi, bila kitunguu na bila kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu vya aina zote huharibu damu ya mbwa. Ikipoa naondoa mafuta yaliyoganda juu na mifupa yote, kwani mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Supu naimimina nusu ya mkebe wa plastiki wa siagi uliooshwa, natia vipande vidogo vya ini, naacha igande, kisha najazia iliyobaki. Ukitia yote kwa mara moja ini lote huzama chini, na mbwa mwenye akili ataupindua mkebe aanzie huko. Asubuhi nauchovya mkebe katika maji kidogo na barafu inateleza nje nzima nzima.

Wakati wa maembe, kuanzia Desemba, natia embe pia. Nzaui yetu ni nchi ya maembe, hata kaunti ikajenga kiwanda cha kusindika matunda hapo Kalamba, lakini kila nyumba hubaki na yale yaliyopondeka yasiyouzika. Toa kokwa, maana humkaba mbwa. Tikiti maji ni zuri bila mbegu, maziwa ya mgando yasiyo na sukari ni mazuri kwa kiasi. Zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Tena barafu isiwe ngumu kama jiwe: iache nje dakika chache ianze kulowa ndipo umpe, asije akavunja meno kwa kuitafuna.

Nyumbani kwetu friza hakuna. Mwenye duka mmoja alinikubalia niweke mkebe wangu chini ya soda zake kwa malipo ya barafu mbili za watoto. Mambo yalikwenda vyema mpaka stima ilipopotea siku moja na usiku wake, mkebe usio na kifuniko ukayeyuka, na soda zote zikanuka supu ya mifupa. Nilifukuzwa kwa majuma mawili. Siku hizi mkebe una kifuniko na uzi, nao hukaa kona ya peke yake kama mtu aliyetengwa.

MAJI YA NANI?

Vicheko sikuvijali, ila neno moja la mama lilinichoma. Aliniona namimina maji katika sufuria ya mifupa, akasimama pale na mtungi wake wa lita 20 mgongoni, ametoka nao kisimani, akasema, "Haya maji nimeyabeba mimi. Wewe unamgandishia ngiti?"

Nilinyamaza. Mahali ambapo mwanamke huamka alfajiri kuwahi foleni ya kisima cha mchangani, barafu ya mbwa ina sura ya ufedhuli. Nilijua kwamba katika bustani za wanyama za Ulaya simba hupewa damu iliyogandishwa wakati wa joto, lakini habari hiyo sikuthubutu kumpa mama. Nilichofanya ni kwenda kisimani mwenyewe na baiskeli tangu siku hiyo, nikaleta maji ya nyumba nzima, na ya Popi yakawa sehemu yake. Mkebe mmoja ni nusu lita. Kopo la maji la Simba nalo lilikuwa la kiasi hicho, na gharama ya kulikosa tuliilipa sote.

Tena nisimdanganye msomaji: barafu si tiba. Kweli ina nguvu, kwani kuyeyusha barafu kiasi fulani hula joto sawa na lile la kuyapandisha maji ya uzito huo huo kutoka ubaridi wa barafu hadi digrii 80. Lakini mbwa aliyekwisha kuzidiwa na joto usimtilie kitu kinywani. Ikiwa ni wako na umemchanja, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, utafute daktari wa mifugo. Kivuli na kopo la maji lisilopinduka ni vya kwanza. Mimi la Popi nimelichimbia ardhini hadi shingoni. Kazi ya barafu ni kumfanya mbwa alale kivulini saa nzima akiilamba wakati jua ni kali, asizurure barabarani. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Na cheti sasa ninacho. Mwaka 2014 nchi yetu ilianzisha mpango wa kukikomesha kichaa cha mbwa kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030, na Makueni, Kitui na Machakos zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kutangulia, kwa sababu Ukambani tumezika watu wengi kwa ugonjwa huu. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Siku ya ugonjwa huo duniani ni 28 Septemba, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyeitengeneza chanjo. Pasteur hakuijua Septemba ya Matiliku: jua la siku hiyo ndilo lile la kumkuta mbwa chini ya mkokoteni.

Msimu mmoja wa chanjo tulipanga foleni, watu na mbwa wao kwa kamba, katani na vipande vya waya, na kivuli cha mti kilikuwa cha watu kumi tu. Mbwa walitweta, wakagombana, watoto wakalia. Mimi nilikuwa na mkebe wangu ndani ya kikapu, umefungwa gazeti na gunia. Nyuma yangu alisimama jirani yangu, baba wa yule mtoto, na dume jeusi ambalo ulimi wake ulikuwa umebadilika rangi. Tulikuwa hatujasemezana tangu 2016.

Nilipoitoa barafu Popi aione, jirani aliitazama kwa muda mrefu.

"Ina chumvi hiyo?" akauliza.

Nikamwambia haina.

"Na vitunguu?"

"Havimo."

Nikaipiga kwa jiwe ikatoka vipande viwili, nikampa kimoja. Dume lake lililamba, likalala, likachanjwa likiwa limelala. Alipotoka mezani na cheti chake aliniomba mkebe, akaonyeshe nyumbani ukubwa wake. Nilimpa. Mpaka leo hajaurudisha, na mama, ambaye sasa ndiye huondoa mafuta juu ya ile supu, huniuliza habari za mkebe huo kila juma.