Komeo Halitibu Moyo wa Mtoto

Mzazi wa Pwani ampelekapo mwanawe bweni la bara humfungia sanduku, humsomea dua, kisha huuliza: je, lango lafungwa usiku? Nami niliuliza hivyo nilipofika Njoro, mji wa wakulima karibu na Nakuru, wenye shule nyingi na Chuo Kikuu cha Egerton. Mwalimu mmoja akanijibu, "Lango twalifunga, bwana. Lakini kufunga lango si kumlaza mtoto."

Maneno hayo yana uzito mahali pale. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa moto Njoro na Molo, na watu wengi wakakimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Watoto walioyaona hayo walirudi darasani, wakavaa sare, wakaonekana wazima. Lakini aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto wa namna hiyo huruka kwa kishindo kidogo, hukesha, hukojoa kitandani akachekwa, husahau alichofundishwa. Mwalimu asiyejua humwita mtundu.

Sisi wa Pwani msiba huu twaujua. Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, Mazeras. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Vyuma vya madirisha na mlango uliokomewa, vilivyowekwa kwa ulinzi, ndivyo vilivyowazuia kutoka. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo: milango ya mabweni ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo, Septemba 2024 wavulana 21 waliangamia kwa moto Endarasha, Nyeri.

Kila baada ya mkasa huongezwa ukuta, mlinzi na upekuzi wa masanduku. Sisemi viondolewe. Lakini mtoto apekuliwaye kila siku kama mwizi, wala haulizwi hali yake, huzidi kuogopa na kuficha. Kiboko nacho, kilichopigwa marufuku shuleni tangu 2001, hakijapata kumwondolea mtu hofu. Anayehitajika ni mtu mzima wa kumsikiliza, asiyemtangaza kwa wenzake.

Basi, mzazi mwenzangu, uendapo kumtazama mwanao, kagua mlango wa bweni unafunguka upande gani. Kisha mketishe kando umuulize alalaje usiku. Akilia, usimwambie mwanamume halii. Mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa.