Kitabu cha Hadithi Kikifika Nakuru

Kwa maandishi, Kenya ilishaumaliza zamani mjadala wa lugha ya kumfundishia mtoto mdogo. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilipendekeza mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake, na pale makabila yalipochanganyika, Kiswahili kitumike. Taasisi ya Elimu ya wakati huo ikatoa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, ambavyo walimu wakongwe wanaviita TKK, katika lugha zaidi ya 20. Katiba ya 2010 ikaja na kifungu cha 7 kinachoitaka serikali iendeleze lugha za kiasili. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, lugha hizo zikapewa vipindi katika gredi ya kwanza hadi ya tatu. Mtu angedhani kilichobaki ni kuchapisha hadithi na kupakia maboksi garini.

Maboksi yakishafika kaunti ya Nakuru ndipo maswali huanza. Kuresoi Kusini utasikia Kikipsigis, moja ya lahaja za Kikalenjin, tangu barabarani hadi uwanjani. Bahati na Subukia utasikia Kikuyu. Mariashoni na Nessuit, kwenye msitu wa Mau, wapo Waogiek, ambao lugha yao inakaribiana na Kikalenjin lakini wenyewe hawataki imezwe humo. Sasa shuka Kaptembwo, Rhonda au Bondeni. Darasa moja lina Mkikuyu, Mluhya, Mkisii, Mluo, Mkipsigis na Mturkana, na lugha wanayogombania mpira ni Kiswahili cha mtaani. Sera ilishasema hapo Kiswahili kitumike, lakini mfadhili amekuja na vitabu vya lugha ya mama, na ripoti yake inadai vigawiwe.

Kuna jambo ambalo wapangaji wa mbali hawalioni. Tangu mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990 huko Molo na Kuresoi, na hasa baada ya ghasia za uchaguzi za Januari 2008, mwalimu mkuu wa Nakuru hakubali kirahisi kuwapanga watoto kwa makundi ya lugha. Akifanya hivyo ili kila mmoja apate kitabu cha kwao, somo la kwanza atakalokuwa amewafundisha ni nani ametoka wapi. Kwa hiyo vitabu huwekwa kabatini, na kabati hufungwa. Si uvivu. Vitabu hivyo vimeandikishwa kama mali ya shule, na siku mkaguzi akija atauliza idadi yake. Hataulizia ni watoto wangapi wamecheka waliposomewa.

Hata kule ambako lugha ni moja, kuna tatizo la mwalimu. Tume ya Huduma za Walimu humpeleka mtu panapohitajika mwalimu, na mwenyeji wa Kisii anaweza kujikuta Kuresoi. Lakini mwenyeji naye asidhaniwe kuwa yuko tayari. Alisoma karibu kila kitu kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, na chuoni hakufunzwa kusoma Kikalenjin kwa sauti. Tahajia ya Kikalenjin hutumia herufi tano za irabu, ilhali lugha yenyewe inatofautisha irabu zaidi ya hizo. Msomaji hulazimika kukisia kutokana na maana ya sentensi. Kikuyu kina irabu saba na alama juu ya ĩ na ũ, ambazo wachapaji wengi huziacha kwa sababu kibodi haina. Mzungumzaji hodari akikabidhiwa ukurasa husoma kwa kukwamakwama, na mtoto anayesikiliza huamua mapema kwamba kitabu cha kwao ni kigumu kuliko cha Kiingereza.

Wasomaji hodari wa lugha hizi wapo, ila hawako kwenye orodha ya mishahara ya shule. Ni wazee wa kanisa na akina mama ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakisoma Biblia na kitabu cha nyimbo kwa lugha yao kila Jumapili. Miradi mingi hutenga fedha za warsha ya walimu hotelini na kusahau nauli ya nyanya mmoja kufika shuleni kila Ijumaa.

Utafiti nao ulipita hapa bila kuzigusa lugha za mama za Nakuru. Mradi wa PRIMR wa mwaka 2011 hadi 2014, uliojaribu njia mpya za kufundisha kusoma, ulikuwa na shule Nakuru, lakini za Kiingereza na Kiswahili. Sehemu ya lugha ya mama ilipelekwa Machakos na Bungoma, kwa Kikamba na Lubukusu, mahali ambapo darasa lina lugha moja. Watoto wale walisoma lugha yao vizuri zaidi. Kwa Kiingereza na Kiswahili, hata hivyo, hawakuwapita wenzao waliofundishwa kwa PRIMR ya kawaida, na hilo likawakatisha tamaa waliokuwa wakitarajia faida ya haraka. Mpango wa kusoma wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika shule za umma nchini, ukampa kila mtoto kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili. Lugha za kiasili hazikuwamo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hadithi zenyewe zilishakusanywa. Mkutano wa walimu wa fasihi uliofanyika Nairobi School mwaka 1974 ulifungua mlango wa fasihi simulizi katika shule za sekondari, na wasomi wakaingia vijijini. Naomi Kipury alitoa kitabu cha fasihi ya Wamaasai mwaka 1983, Wanjiku Kabira na Karega Mutahi cha Wagikuyu mwaka 1988, Ciarunji Chesaina cha Wakalenjin mwaka 1991. Ni kazi za kuheshimiwa, na zimeandikwa kwa Kiingereza. Chemosi, zimwi la Kikalenjin linalowatetemesha watoto, lilitoka kinywani mwa bibi likaenda moja kwa moja kwenye mtihani wa kidato cha nne, likampita mtoto wa gredi ya kwanza bila hata salamu. Ngũgĩ wa Thiong'o alijaribu njia nyingine, akaandika visa vya Njamba Nene kwa Kikuyu kuanzia mwaka 1982, lakini hizo zilikuwa hadithi mpya zilizotungwa na mtu mmoja.

(Na tafadhali, miradi iache kulifuga zimwi. Nimesoma vijitabu ambamo zimwi huomba msamaha ukurasa wa mwisho na kuahidi kula mboga. Mtoto wa Subukia aliyesikia habari za Irimũ, zimwi la Kikuyu, hadanganyiki.)

Tangu mwaka 2014 African Storybook, mpango wa shirika la Saide la Afrika Kusini, umeweka hadithi mtandaoni kwa leseni huria: yeyote anaweza kupakua, kutafsiri na kubadilisha. Kwa Nakuru huo ni msaada wa maana. Neno la Kikipsigis linalomtatiza mtoto anayezungumza Kitugen, lahaja nyingine ya Kikalenjin, huko Rongai linaweza kubadilishwa na mwalimu jioni ileile, na hadithi ikawekwa pia kwa Kiswahili kwa ajili ya Kaptembwo. Kikwazo kinachobaki ni printa, umeme na bando. Mwalimu huishia kusoma kwenye simu yake, darasa zima likimkodolea macho yeye badala ya picha.

Nani alipe gharama hizo? USAID, shirika la misaada la Marekani lililofadhili Tusome, lilifungwa mwaka 2025. Vipindi vya lugha za kiasili navyo huliwa na Kiingereza na Hisabati, kwa kuwa tathmini ya gredi ya sita, KPSEA, haiziulizi lugha hizo, na mzazi analijua hilo vizuri kuliko mtaalamu yeyote.

Chini ya gredi ya kwanza, hata hivyo, mambo ni tofauti. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Kaunti ndiyo inayowaajiri walimu wa madarasa hayo, PP1 na PP2, na inaweza kumtafuta Kuresoi mwalimu wa Kuresoi, jambo ambalo Tume ya walimu huko Nairobi hailazimiki kulifanya. Huko hakuna mtihani wa kumtisha mzazi, na muda wa hadithi umo kwenye ratiba. Bajeti ya kaunti husomwa kila mwaka, na kabla haijapitishwa wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo hujaa watu wa barabara na maji. Anayetaka vitabu vya hadithi aende na bei ya kuchapisha kijitabu cha kurasa 16, na nauli ya nyanya mmoja.