Kuiga Maradhi kwa Punje za Mahindi

Mwalimu wa sayansi hana budi kuulizwa: kompyuta yawezaje kukadiria jinsi maradhi yatakavyoenea? Sisi twaona jibu lianzie mezani, kwa punje za mahindi. Punje moja ni mgonjwa, na kila mgonjwa huambukiza wawili. Zamu ya pili zawekwa punje mbili, kisha nne, kisha nane. Zamu ya kumi zahitajika 512. (Punje ziwe tele!) Sasa kanuni ibadilishwe. Katika wagonjwa wanne, watatu watengwe wasiambukize mtu: wagonjwa wapya ni wawili tu. Kompyuta hufanya hesabu ya namna hiyo, ila kwa watu wengi mno na kanuni nyingi.

Septemba 2014 wataalamu wa Marekani walikadiria kwamba, hali ikiachwa ilivyo, wagonjwa wa Ebola nchini Liberia na Sierra Leone wangeweza kufikia 1,400,000 ifikapo Januari 2015. Walionyesha pia kwamba wagonjwa 70 katika kila 100 wakitunzwa kwa kutengwa, maradhi yangefifia. Vituo vya matibabu vikaongezwa, na wafu wakazikwa kwa hadhari. Mlipuko ulipokwisha mwaka 2016, wagonjwa wa Afrika Magharibi yote walikuwa kama 28,600.

Mwanafunzi atasema kompyuta ilikosea. Asikemewe, arudishwe kwenye punje, aone uzito wa neno “ikiachwa”. Hata hivyo ana haki kiasi: watu wenyewe walibadili mienendo yao kwa kuhofia maradhi, jambo ambalo punje haziwezi kulifanya.