Kabla ya kununua kochi kuukuu, lichunguze lisije likakuletea kunguni

UMEPATA kazi mjini na chumba cha kupanga. Baada ya kumlipa mwenye nyumba kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dhamana, mfuko umebaki mtupu, na chumbani hamna hata kiti. Utaanzia wapi?

Wengi huelekea masoko kama Gikomba na Toi jijini Nairobi, au Kongowea mjini Mombasa. Wengine hununua kwa jirani anayehama. Hakuna aibu yoyote katika jambo hilo. Kabati la mbao ngumu lililotumika miaka mingi huenda likadumu kuliko jipya lililoundwa kwa mbao hafifu.

Hata hivyo, rahisi ni ghali. Kochi la bei ya chini laweza kuingia kwako na mgeni asiyetaka kuondoka: kunguni.

Mdudu huyu ni bapa, wa rangi ya kahawia, na urefu wake ni karibu milimita tano. Mchana hujificha kwenye nyufa na mishono. Usiku hutoka kunyonya damu. Anaweza kukaa miezi kadhaa bila chakula, kwa hivyo usidanganyike kwamba kochi lililokaa stoo muda mrefu ni salama.

Haijathibitishwa kuwa kunguni hueneza magonjwa jinsi mbu anavyoeneza malaria. Lakini humnyima mtu usingizi, na mtoto akijikuna sana ngozi huchubuka na kuingia viini. Katika ploti, kunguni hawakai kwako tu. Hupenya hadi kwa majirani.

Kwa hivyo, nenda sokoni mchana ukiwa na tochi. Pindua kochi na utazame chini yake. Fungua mishono ya mito kwa vidole, na uangalie viungo vya kitanda na matundu ya misumari. Ukiona madoadoa meusi kama ya wino, maganda makavu au mayai meupe madogo kama kichwa cha pini, achana na kitu hicho hata ukipunguziwa bei.

Kitanda cha mbao au cha chuma ni rahisi kusafisha. Kifungue vipandevipande nje ya nyumba, umwagie maji yanayochemka kwenye nyufa na viungo, kisha urudie baada ya wiki mbili iwapo kuna mayai yaliyosalia na kuanguliwa. Mapazia na mashuka yafuliwe kwa maji moto sana. Kuanika juani pekee hakutoshi, kwani wadudu hujificha ndani zaidi.

Usipake mafuta ya taa au petroli. Nyumba inaweza kuteketea. Wala usinyunyizie kitandani dawa ya shambani. Sumu hiyo huweza kuwadhuru watoto kabla ya kuwamaliza kunguni.

Godoro ni afadhali ununue jipya. Huwezi kuona kilicho ndani ya godoro lililotumika, wala kulichemsha.

Una mtoto? Basi jihadhari na rangi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kitanda cha mtoto chenye rangi kuukuu inayobambuka usikinunue, na usikikwangue nyumbani kwa msasa kwa kuwa vumbi lake ndilo hatari zaidi. Pima pia nafasi kati ya fito: kopo la soda la kawaida likipita, mtoto anaweza kukwama.

Sufuria, sahani na vikombe vya kioo au chuma havina tatizo. Vioshe kwa sabuni na maji moto. Pasi au jiko la umeme, mwambie muuzaji aliwashe ukiona, na ukague waya kama umechubuka. Ukinunua jiko la gesi, weka mpira mpya, kisha upake povu la sabuni kwenye viungo. Mapovu yakifura, gesi inavuja.

Pesa zikiwa chache, nunua godoro jipya kwanza, kisha vyombo vya kupikia, halafu meza na viti vya mbao. Kochi lije mwisho. Ni heri wageni wako waketi kwenye mkeka wakale na kucheka, kuliko kuketi kochini na kurudi kwao na kunguni.