Nyumba ya Mchungaji ya Epworth: Kuta na Kumbukumbu

Nyumba ya mchungaji ni mali ya Kanisa, naye mchungaji hukaa humo kwa muda wa huduma yake. Je, jengo la namna hiyo laweza kuwa urithi? Makala hii yaangalia nyumba ya kasisi ya Epworth, Lincolnshire, nchini Uingereza, walimolelewa John na Charles Wesley.

1. Ujenzi wake

Nyumba ya awali ilikuwa ya mbao na lipu, yenye paa la nyasi. Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 iliteketea. Wote waliokoka, wa mwisho alikuwa John, mtoto wa miaka mitano, aliyetolewa dirishani na mtu aliyesimama mabegani mwa mwenzake. Baba yao, Kasisi Samuel Wesley wa Kanisa la Anglikana, alijenga upya kwa matofali na vigae, kwa mtindo wa enzi za Malkia Anne. Gharama, zipatazo pauni 400, zilimwangukia yeye, ingawa nyumba haikuwa yake. Kwa mtu aliyekwisha kufungwa kwa madeni mwaka 1705, mzigo huo ulikuwa mzito.

2. Huduma ndani yake

Majira ya baridi ya 1711 hadi 1712, Samuel akiwa London kwa mkutano wa Kanisa, Mama Susanna aliongoza sala za nyumbani Jumapili jioni. Majirani wakaja, hata wakafika wapatao 200. Alikuwa ametiwa moyo na habari za wamisionari Walutheri, Ziegenbalg na Plütschau, waliotumwa na Mfalme wa Denmark na kufika Tranquebar, India, mwaka 1706. Kwa sababu hiyo pia alimtengea kila mtoto wake jioni moja ya mazungumzo ya kiroho.

Kasisi msaidizi alilalamika, na Samuel akamshauri mkewe aache. Mama Susanna alijibu kwamba ushauri hautoshi: na amwamuru waziwazi, ili asihesabiwe hatia mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo kwa kuacha kutenda mema. Amri hiyo haikutolewa.

3. Ulinzi wake

Samuel alipofariki mwaka 1735, mjane alilazimika kuondoka, kwa kuwa makao yalifuata cheo. Mwaka 1954 Wamethodisti waliinunua nyumba hiyo, na leo ni makumbusho. Sheria imeiweka katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa. Haiwezi kubomolewa wala kubadilishwa pasipo kibali.

Hitimisho

Sheria hulinda matofali. Lakini habari za ibada zile twazijua kwa sababu barua za Mama Susanna zilitunzwa. Basi usharika unaotengeneza paa la nyumba ya mchungaji na uandike pia katika daftari lake ni nani aliijenga, kwa sadaka za nani, na ni akina nani walioomba humo. Tena usisahau kupanga mapema mjane wa mchungaji atakaa wapi.