Dawa ya unga katika maji ya kuku

Ndugu mfugaji, huenda nawe umenunua dawa ya unga pale Container Village, Kampala, ukawa unaitia katika maji ya vifaranga kila siku ili "wasiugue". Mara nyingi huwa ni oksitetrasaiklini. Hiyo ni antibayotiki, hata kama pakiti imechanganywa na vitamini.

Utumbo wa kifaranga una vijidudu vizuri vingi vinavyosaidia kusaga chakula na kuwanyima nafasi vile vibaya. Dawa huua vizuri na vibaya pamoja. Vinavyobaki ni sugu, navyo hutoka kwenye mavi, vikashika mikono yako, vikafika kwa watoto. Siku mtoto akiugua, dawa ya jamii hiyohiyo yaweza kushindwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kunenepesha mifugo tangu Januari 2006.

Ukiona mavi yana damu, huenda ni koksidiosisi. Hiyo hailetwi na bakteria, dawa yake ni nyingine, kama amproliamu. Mwone kwanza daktari wa mifugo. Ukipewa dawa, maliza siku zote, na usile wala kuuza mayai mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Kuku mzima anahitaji maji safi tu. Osha chombo kila asubuhi, kiinue wasikinyee, badilisha matandiko yaliyolowa. Maji ya nyumbani yaliyotiwa klorini yanawafaa pia, ila siku ya chanjo ya kideri ya majini usiyatumie: klorini huiua chanjo, na pesa yako imepotea.