Pesa ya uzee Marekani: anayelipwa ni mwenye jina kwenye karatasi

Familia nyingi za Kivu ziko na ndugu Marekani. Wengi wao wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama au depo za mizigo, na kwenye mshahara kunakatwa kiasi fulani kwa ajili ya uzee. Konti ya kazini inaitwa 401(k). Ile ambayo mtu anajifungulia mwenyewe inaitwa IRA. Zote mbili ziko na karatasi yenye swali moja: ukifa, nani achukue?

Kwetu, kwa pensheni ya CNSS, sheria yenyewe inataja mjane na watoto. Marekani karatasi ndiyo inasema. Analipwa mwenye jina lililoandikwa pale, hata kama wasia unasema mengine, hata kama familia imekaa na kukubaliana mengine.

Tuseme baba mmoja aliyefiwa na bibi yake alifika Iowa peke yake, watoto wakabaki kambini na baba mdogo wao. Akaandika jina la huyo mdogo wake. Miaka ikapita, watoto wakamfuata, lakini karatasi hakuigusa tena. Akifa leo, pesa yote ni ya mdogo wake. Akiwa na roho nzuri atawapa watoto. Asipotaka, kumlazimisha ni kazi ngumu sana.

Basi aandike watoto? Ni afazali, lakini mtoto mdogo hakabiziwi pesa nyingi mkononi. Mara nyingi tribinali inachagua mtu wa kuichunga, na mtoto akifikisha miaka 18, au 21 kwa majimbo mengine, anapewa yote mara moja.

Ndiyo maana wengine wanaandika trasti. Trasti si banki wala chama. Ni mpango wa maandishi: mali inawekwa mikononi mwa mtu unayemwamini, aitunze kwa faida ya watoto kufuatana na masharti yako. Kwa mfano alipe masomo, matunzo na nyumba, kisha kinachobaki wapewe wakiwa na miaka 25.

Kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, ndoa. Kwa 401(k), bibi au bwana ndiye wa kwanza kisheria. Ili trasti ichukue nafasi yake, lazima akubali kwa maandishi na kutia sinyatire mbele ya notere au mjumbe wa mpango huo.

Pili, muda. Tangu 2020, warithi wengi wanapaswa kumaliza konti ndani ya miaka 10. Mtoto mdogo wa marehemu anaweza kutoa kidogo kidogo hadi miaka 21, ndipo ile 10 inaanza kuhesabiwa. Trasti ikiandikwa vibaya, nafasi hiyo inapotea.

Tatu, kodi. Pesa ikitoka kwenye konti ya kawaida na kulala ndani ya trasti, kodi inapanda haraka. Kwa mwaka 2025, kiwango cha juu cha 37% kilianza kwa trasti ikipita dola 15.650. Kwa mtu asiye na ndoa, kilianza akipita dola 626.350.

Kwa hiyo trasti inaomba avoka anayejua konti hizi, na yeye pia analipwa. Lakini kubadilisha jina lililopitwa na wakati hakuombi pesa nyingi. Ukiongea na ndugu yako huko, muulize: kwenye karatasi yako kuna jina la nani? Kumuuliza hivyo si kumuombea kifo. Ni kuchunga watoto.